Haibridi Iliyotembea Sana: Ununue au Uiache?

Swali ni lile lile, hubadilika namba tu. "Nimepata Aqua ya 2014, imetembea kilomita 168,000, bei yake tamu, nichukue?" "Prius ya jirani ina 210,000 na anataka kuiuza upesi. Ana nini?" "Fundi wangu asema betri ikifa hilo gari nilitupe. Ni kweli?"

Mwenye haraka achukue jibu hili aende nalo. Idadi ya kilomita ni jambo la tatu au la nne kuuliza. La kwanza ni hali ya betri kubwa, la pili ni nani aliyekuwa akilitunza gari. Kisha lipigie gari bei ukijiambia kwamba betri hiyo itakufa mwaka huu huu. Ukishatoa gharama ya betri kwenye bei na hesabu bado ikakubali, nunua. Ikikataa, liache, hata kama lina kilomita 60,000 na limeng'arishwa likang'ara.

Nitazungumzia zaidi Toyota zilizotoka Japani, yaani Aqua, Prius, na Axio na Fielder za haibridi, maana hizo ndizo zilizojaa kwenye yadi na ndizo ninazoulizwa. Honda na Nissan tutazipitia mbele kidogo.

## Kabla ya kwenda yadi: je, unahitaji haibridi?

Usiniambie gari linakula lita moja kwa kilomita 35. Hiyo ni namba ya kitabu. Aqua ilipotoka mwezi Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo cha maabara ya Kijapani. Hapa kwetu, kwenye foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na watu wanne wamo ndani, weka 18 hadi 22 ukitaka kulala usingizi.

Fanya hesabu hii kwa kalamu:

- Unatembea kilomita ngapi kwa mwezi? Tuseme 1,500.
- Gari la kawaida la ukubwa huo, kwa kilomita 13 kwa lita, litakula kama lita 115.
- Haibridi, kwa kilomita 20 kwa lita, itakula lita 75.
- Umeokoa lita 40 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya kituo chako cha mafuta.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa mtu anayetembea kilomita 500 kwa mwezi: kazini karibu, kanisani au msikitini, sokoni, basi. Huyo anaokoa lita 13 na ushei. Kwa lita hizo, kununua haibridi yenye umri mkubwa ni kujitafutia wasiwasi usio na malipo. Achukue gari la petroli lililotunzwa vizuri.

Angalia pia unatembelea wapi. Haibridi hupata faida yake mjini, kwenye simama-nenda, kwa kuwa kila ukikanyaga breki mota hurudisha umeme kwenye betri. Mtu ambaye maisha yake yote ni barabara kuu, Mombasa hadi Voi au Dar hadi Morogoro kwa mwendo wa mia, ataona tofauti ndogo kuliko alivyoahidiwa.

## Kilomita nyingi zina maana gani hasa

Kwenye Toyota ya haibridi, vitu kadhaa vinavyochosha gari la kawaida havipo kabisa. Hakuna stata. Hakuna alteneta. Hakuna klachi, wala giaboksi ya kubadilisha gia kama unayoijua. Pedi za breki hudumu sana kwa sababu mota hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Injini yenyewe hupumzika mara kwa mara. Ndiyo maana kilomita 200,000 za Prius hazilingani na kilomita 200,000 za gari lingine.

Lakini bushi, beringi za magurudumu, shokomzoba na raki ya usukani hazijui kama gari ni haibridi. Hizo zimechoka kama za gari lolote, na barabara zetu hazikuzihurumia.

Betri kubwa nayo ina maadui wanne: umri, joto, vumbi na kukaa bila kutumika. Kilomita hazimo katika orodha hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo gari la miaka 6 lenye kilomita 150,000 za barabara kuu huweza kuwa na betri nzima kuliko la miaka 12 lenye 70,000, lililosimama juani miezi na miezi likisubiri mnunuzi. Wanunuzi wengi hukosea hapa. Huona mita inasoma kidogo, wakafurahi, wakasahau kuuliza gari lilizaliwa lini.

Nchi unayonunulia nayo ina la kusema. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Basi gari la zaidi ya hapo unaloonyeshwa Nairobi au Mombasa limekwisha kula vumbi na matuta yetu, hata muuzaji aseme nini. Tanzania huruhusu magari ya umri mkubwa zaidi kwa kuyatoza ushuru wa ziada, kwa hiyo gari laweza kuwa limeshuka melini wiki iliyopita na betri yake ina miaka 12. "Limetoka Japani juzi" si cheti cha afya.

## Je, hizo kilomita ni za kweli?

Muuzaji atakuambia gari lilikuwa la mwalimu wa kike wa Osaka aliyelitumia kwenda sokoni Jumapili. Sijui Osaka ina walimu wangapi, ila magari yao yote yameletwa kwetu. Wewe omba karatasi.

- Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje. Huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa kule, uitwao shaken, ambao gari jipya hufanyiwa baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2. Kama mwaka 2020 lilisoma 110,000 na leo linasoma 84,000, huna haja ya swali la pili.
- Karatasi ya mnada. Huonyesha daraja la gari na kilomita za siku hiyo. Herufi R au RA mahali pa daraja maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Ulinganishe nambari ya chesisi na iliyo kwenye gari lenyewe, tena wewe mwenyewe, kwa macho yako.
- Vibandiko vya oili. Mafundi wa Kijapani hupenda kubandika kibandiko kwenye ukingo wa mlango wa dereva au chini ya boneti, chenye tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Warudishaji wa mita husahau kukitoa.
- Vitu vinavyoguswa. Usukani uliong'aa, mpira wa pedali ya breki ulioliwa upande mmoja na kiti cha dereva kilichobonyea haviendani na kilomita 55,000.

Kwa gari lililotumika hapa, mwenye gari akuonyeshe risiti za sevisi. Uliza pia waziwazi kama limefanya teksi ya mtandaoni. Teksi si kosa. Dereva wa teksi makini hubadilisha oili kuliko mwalimu wa Osaka. Ila teksi hukaa juani siku nzima, abiria hujaza vumbi nyuma, na betri hupata joto saa 14 kwa siku. Bei iakisi hilo. Ukiwa Kenya, tafuta pia rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen kabla ya kulipa chochote. Haitakuambia kilomita, lakini itakuambia kama benki bado ina mkono wake humo.

## Kupima betri: hapa usiharakishe

Ukisoma sehemu moja tu ya makala haya, iwe hii. Jipe muda wa asubuhi nzima na uje na fundi anayezijua haibridi, si yule wa mtaani aliyezoea Probox.

1. Fika kabla gari halijawashwa. Mwambie muuzaji asiliguse. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa na moto, uliza kwa nini, kisha uombe siku nyingine. Gari likishapashwa moto huficha mengi.

2. Liwashe, ngoja neno READY. Lije bila taa ya injini, bila pembetatu nyekundu, bila ujumbe wa kukagua mfumo wa haibridi. Hakikisha pia kwamba taa hizo huwaka kwanza unapofungua switi na ndipo zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda iliuliwa.

3. Lipashe moto, kisha lisimamishe. Injini ikishapata joto lake, weka P, washa kiyoyozi kwa nguvu zote na ukae ukitazama mistari ya betri kwenye dashibodi. Injini itazima, betri itashuka taratibu, injini itawaka kuijaza, itazima tena. Pima kwa saa ya simu. Betri yenye afya hukaa dakika kadhaa kabla ya kuomba msaada. Injini ikiwaka na kuzima kila baada ya dakika moja au mbili, betri hiyo haishiki chaji.

4. Liendeshe nusu saa, na mlima uwemo. Pwani hatuna vilima, lakini mpando wa daraja la Nyali au la Kigamboni unatosha. Kanyaga kwa nguvu ukipanda, halafu achia ukishuka. Mistari ya betri ikiporomoka kutoka juu hadi chini kwa muda mfupi, kisha ikaruka hadi kujaa ghafla, ujue zipo seli zilizokufa ndani. Betri nzima huenda kwa upole, juu na chini.

5. Sikiliza nyuma. Karibu na kiti cha nyuma kuna feni ya kupooza betri. Ikivuma kwa sauti ya juu mara kwa mara, ama betri inapata moto kupita kiasi ama chujio la feni limeziba. La pili ni rahisi kutibu. La kwanza, hapana. Tazama tundu la hewa pembeni mwa kiti: likiwa limejaa vumbi, nywele za paka na makombo ya biskuti, mwenye gari hakuwahi kulifikiria.

6. Lipime kwa kompyuta. Bila hili usitoe hata shilingi ya rubuni. Programu ya Toyota ya Techstream ndiyo bora, lakini hata programu za simu kama Dr. Prius au Hybrid Assistant, zikiunganishwa na kifaa kidogo cha OBD, hutoa picha nzuri. Mwambie fundi akusomee haya, ukiandika:

- Makosa yote, ya sasa na yaliyohifadhiwa. P0A80 na P0A7F yanahusu betri kubwa iliyochoka. Yale ya P3011 na kuendelea hutaja bloku dhaifu, yaani fungu la seli ndani ya betri.
- Umbali tangu makosa kufutwa mara ya mwisho. Hili hakuna anayeliuliza, na ndilo huwaumbua wajanja. Ikisoma kilomita 9, kuna mtu aliyefuta taa asubuhi hii kabla hujafika.
- Volti za kila bloku, gari likiwa limetulia na likiwa linakanyagwa. Prius ya 2009 hadi 2015 ina moduli 28 katika bloku 14. Zote zinatakiwa kupanda na kushuka pamoja. Bloku moja ikiachana na wenzake kwa karibu volti nzima gari likikanyagwa, betri iko ukingoni, hata kama dashibodi haina taa hata moja.
- Joto la betri kwenye vihisi vyote. Kimoja kikizidi vingine kwa nyuzi nyingi, kuna kona isiyopata hewa au moduli inayopata moto.

Muuzaji akikataa kupimiwa gari, mshukuru kwa chai na uondoke. Hakuna bei inayofidia hilo.

Onyo kwa wanaopenda kushika wenyewe: usifungue betri wala usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Betri ya Aqua ina volti 144, ya Prius 201.6, na inveta huzipandisha hadi 520 kwa Aqua na 650 kwa Prius hiyo ya 2009 hadi 2015. Fundi halali huchomoa plagi ya usalama, huvaa glavu za umeme na husubiri dakika 10 kabla ya kugusa. Ukimwona anaingia mikono mitupu, hata kama wewe si mwenye gari, mzuie.

## "Betri imebadilishwa, kaka, usiwe na shaka"

Maneno haya yana maana tatu, na tofauti ya bei kati yake ni kubwa.

Yaweza kuwa betri mpya kabisa. Basi ipo risiti, ina tarehe, ina dhamana ya maandishi. Yaweza kuwa betri kuukuu iliyotolewa kwenye gari lililokatwa, ambayo nayo ina umri wake, pengine sawa na ile iliyotoka. Au, na hii ndiyo ya kawaida zaidi, fundi alifungua betri, akatoa moduli mbili zilizokufa, akaweka mbili nyingine, akafuta taa.

Hiyo ya tatu humpa mwenye gari nafasi ya kuliuza, na kwa kawaida ndiyo kazi iliyokusudiwa. Moduli 26 zilizobaki zina umri uleule wa zile zilizokufa. Zitaanza kufuatana, moja baada ya nyingine, na kila safari utalipa kufungua upya. Fundi mzuri huzipima zote, huzipanga kwa nguvu zinazolingana na huzichaji pamoja. Huyo naweza kumwamini, akinipa dhamana iliyoandikwa. Asiye na karatasi ana matumaini tu.

Na msihadaike na dhamana za kiwandani mnazosoma mtandaoni. Toyota Marekani hutoa dhamana ya betri ya miaka 10 au maili 150,000 kwa magari ya mwaka 2020 na kuendelea, na kabla ya hapo ilikuwa miaka 8 au maili 100,000. Hiyo ni ya kule. Haipandi meli pamoja na gari lako kutoka Yokohama.

## Sehemu nyingine zinazokula pesa

Watu huiogopa betri mpaka husahau zilizobaki. Nitazitaja chache zinazorudi kila mara.

Prius ya 2009 hadi 2015, injini 1.8. Mfumo wake wa kurudisha moshi kwenye injini huziba kwa masizi. Ukiachwa hivyo, gasketi ya silinda hedi huweza kuungua. Dalili yake huja asubuhi: gari likiwashwa baridi hutikisika kama linataka kukohoa kwa sekunde kadhaa, kisha hutulia. Angalia kiwango cha maji ya rejeta na uulize kama yanapungua bila kuvuja. Kwa gari hili, injini hunitia wasiwasi kuliko betri. Pampu yake ya maji nayo ni ya umeme na haidumu milele.

Oili. Vuta kijiti. Oili ikiwa chini ya alama na muuzaji hajui, injini imezoea kukaa na kiu. Baadhi ya injini hizi za 1.8 hula oili zikishatembea sana.

Maji ya inveta. Yana chombo chake, tofauti na cha injini. Fungua gari likiwa READY na tazama kama maji yanachezacheza ndani. Yakiwa yametulia tuli, pampu imekufa na inveta iko njiani kuifuata.

Breki. Gari likiwa limesimama, sikiliza mlio wa pampu nyuma ya injini. Ikilia kila baada ya sekunde chache bila wewe kukanyaga breki, mtambo wa breki umechoka, na spea yake si ya bei ya pedi.

Kiyoyozi. Kompresa ya haibridi huendeshwa kwa umeme mkubwa na hutumia oili yake maalumu. Fundi wa kiyoyozi akijaza oili ya magari ya kawaida, huharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa, na gari huweza kugoma lote. Uliza ni nani aliyejaza gesi mara ya mwisho.

Maji ya mafuriko. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma, mahali ambapo maji hufika mapema. Baada ya mvua za mwaka 2024 magari mengi yaliyozama yalikaushwa yakauzwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho utafute tope, nusa mazulia, chungulia kutu kwenye boliti za viti. Gari la petroli lililozama nalikwepa. Haibridi iliyozama sitaisogelea.

## Honda na Nissan, kwa kifupi

Honda Fit ya haibridi iliyotoka mwaka 2013, na Vezel ya wakati huo, zinatumia giaboksi ya klachi mbili yenye gia 7. Honda yenyewe iliyaita magari hayo karakana kwa marekebisho zaidi ya mara moja huko Japani, na Fit mpya ya 2020 ikaachana na mfumo huo. Ni magari matamu kuendesha yakiwa mazima. Yakiwa na kilomita nyingi za foleni, mimi siyataki, labda bei iwe chini mno na fundi wa giaboksi hiyo ninamjua kwa jina. Ukikaidi, liendeshe polepole kwenye foleni na juu ya mpando: kudundadunda, kusita, au ujumbe wa joto la giaboksi ni sababu ya kushuka.

Nissan Note e-Power, iliyokuja mwishoni mwa 2016, imejengwa kwa njia nyingine. Injini haizungushi magurudumu. Inafua umeme tu na mota ndiyo inayoendesha. Giaboksi ya kuhofia haipo. Lakini betri yake ni ya lithiamu, na mafundi wanaoifahamu bado ni wachache nje ya miji mikubwa. Anayeishi Mtwara au Lamu afikirie mara mbili.

## Kupatana bei

Kabla ya kukutana na muuzaji, piga simu kwa wauza spea wawili au watatu na upate bei ya betri ya gari hilo hasa: mpya, na kuukuu iliyopimwa, pamoja na ufundi. Halafu geuza bei hiyo iwe lita. Gawanya kwa bei ya petroli. Tuseme imekuja sawa na lita 1,000. Yule wetu anayeokoa lita 40 kwa mwezi atairudisha kwa miezi 25. Yule wa kilomita 500 atahitaji zaidi ya miaka sita, na kufikia hapo betri hiyo nayo imezeeka. Hesabu hii imewaokoa watu wengi kuliko ushauri wangu wote.

Ukiwa na matokeo ya kompyuta mkononi, bei huongeleka. Bloku dhaifu moja ni sababu ya kuondoa bei ya betri nzima, usikubali kupunguziwa "ya moduli moja". Na pesa hiyo ukishaipata iweke kando. Kosa ninalolisikia kila mwezi ni la mtu aliyetumia akiba yote kununua gari, betri ikagoma mwezi wa nane, akaliuza kwa bei ya chuma.

## Maswali mnayoniandikia

Betri ikifa, si nitaendelea kwa petroli tu? Kwa Toyota, hapana. Injini huwashwa na mota inayotumia betri hiyo hiyo, stata hakuna. Utapewa muda mfupi wa kujikokota, kisha gari litasimama. Mafundi wanaoahidi "kuitoa haibridi" ibaki petroli wanakudanganya.

Fundi wangu hajui haibridi. Nimfundishe? Oili, breki na bushi mwachie. Vya umeme mkubwa tafuta aliyesomea. Kama mji wako hauna hata mmoja, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutonunua.

Kilomita ngapi ndiyo mwisho? Sina namba. Ila gari lililopita 200,000 na bado lina betri yake ya kwanza, mimi hulihesabu kama gari lisilo na betri, hata vipimo vikiwa vizuri.

Nizime kiyoyozi niokoe mafuta? Feni ya betri huvuta hewa ya ndani ya gari. Hewa inayokuunguza wewe ndiyo inayoiunguza betri. Kwa joto la Pwani, kiyoyozi ni dawa ya betri, na madirisha wazi kwenye barabara ya vumbi ni sumu yake.

## Ukishanunua: wiki ya kwanza

- Safisha chujio na feni ya betri. Rudia kila miezi sita, au mapema zaidi kama barabara yako ni ya vumbi.
- Badilisha oili ya injini kwa 0W-20, na ya giaboksi kwa Toyota WS. Muuzaji akisema ya giaboksi haibadilishwi maisha, badilisha.
- Badilisha maji ya rejeta na ya inveta kwa kulanti inayofaa. Maji ya bomba, hapana.
- Pima betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, gari huwasha taa za ajabu na watu hukimbilia kulaumu betri kubwa.
- Usiweke N kwenye foleni; ukiwa kwenye N betri haichajiwi. Kaa kwenye D ukanyage breki, au weka P.
- Usisubiri tangi liishe. Gari litajaribu kujiendesha kwa betri, na betri ikimalizika pamoja na petroli, utavutwa kwa gari la kukokota.
- Usipange mizigo mbele ya tundu la hewa la betri, na usiruhusu waosha magari wapige maji ya presha chini ya boneti.
- Ukisafiri mwezi mzima, mwachie mtu ufunguo aliendeshe walau nusu saa kila wiki. Kuwasha na kuzima getini hakutoshi.